Kabla ya Kumchekesha Mke Wangu

Ukoo wangu na ukoo wa mke wangu ni watani. Kwa msomaji asiyetoka milimani kwetu niseme kidogo. Sisi Waluguru, kila ukoo una ukoo mwenzake wa utani, na mtu akifariki, watani wake ndio wanaochimba kaburi, ndio wanaobeba, na ndio wenye ruhusa ya kufanya vituko msibani. Mtani anaweza kuvaa kanzu ya marehemu na kuigiza alivyokuwa akitembea. Anaweza kulala mlangoni, jeneza lisipite mpaka abembelezwe. Anaweza kumwambia mfiwa maneno ambayo mtu mwingine akiyasema atapigwa. Na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye mwenye kosa.

Mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Nilipokuwa kiwandani Kihonda, watu wa kwetu walikuwa wakituma salamu kwamba fulani amekufa, na wakiongeza, mwambieni asikose. Nilikuwa naomba ruhusa kwa msimamizi, napanda Matombo, milimani kwetu, nawachekesha watu waliovimba macho kwa kulia, kisha narudi kazini nikijiona nimefanya jambo kubwa kuliko kufuma magunia.

Hata kumpata mke wangu kulianza hivyo. Nilikutana naye akiteremka na mkungu wa ndizi kichwani, nikamwambia mkungu una sura nzuri kuliko aliyeubeba. Hakusimama. Alinijibu huku akienda zake kwamba mkungu huo ukifika sokoni utapata wa kuuchukua, lakini mimi, kwa ukoo niliotoka, hata ngedere wa msituni wamenikataa. Nikamfuata mpaka sokoni. Tangu siku hiyo aliniita mtani. Tulizaa watoto wanne, naye akaendelea kuniita mtani, hata mbele ya walimu wao.

Sasa nieleze kosa langu.

Miaka mingi iliyopita mama mkubwa wa mke wangu alifariki, Matombo. Nilivaa gauni la marehemu na mtandio wake, nikaingia ndani walikokaa wanawake. Marehemu alikuwa na tabia ya kuonja mchuzi wa kila nyumba na kuukosoa chumvi. Nikapita mkekani na mwiko, namwonjesha huyu, namkemea yule, kwa sauti ileile ya puani. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mke wangu alicheka kuliko wote, akainamisha paji la uso juu ya magoti. Nikaona huyu ndiye wa kumalizia. Nikamshika mkono ainuke tucheze.

Aliniambia polepole nimwache. Alisema, "Nakuomba." Nami nililichukua hilo kuwa sehemu ya mchezo, nikavuta. Akainuka. Khanga yake ilikuwa imelowa nyuma, na mkeka ulikuwa na doa la maji pale alipokuwa ameketi. Ningeweza kujifanya sikuona. Ningeweza kuangukia pale mkekani mwenyewe, mtani anaruhusiwa kuanguka popote. Badala yake nilisema kwa sauti ya marehemu, "Wenzako wananililia kwa macho, wewe mwanangu umenililia kwa wapi?"

Nyumba nzima ililipuka kwa kicheko. Naye alifanya uso wa kucheka. Kisha akatoka kwa mlango wa nyuma.

Alasiri nilimkuta kando ya njia, ameketi na kifurushi chake, amevaa khanga nyingine ya kuazima. Nikamwambia ule ulikuwa utani tu. Akasema, "Najua. Siwezi kukasirika." Tukateremka. Nilikuwa nimemfanyia kosa ambalo mila ilimkataza kulilalamikia, nami nikajificha nyuma ya mila hiyo kama mtoto nyuma ya mama yake.

Baada ya hapo mke wangu hakwenda tena msibani. Mwanzoni alikuwa na sababu: mguu, mgeni, mtoto anaumwa. Baadaye aliacha hata kutoa sababu. Pale Kihonda jirani akifiwa, alituma unga na kuni, akabaki nyumbani. Kwetu, mtu asiyekwenda misibani anasemwa, na yeye alisemwa. Wanawake wa mtaa walisema anaringa. Ndugu zake wa Matombo walisema mjini kumemsahaulisha ukoo. Kwetu ukoo ni wa upande wa mama. Mtoto wa kike ndiye anayeubeba. Kwa hiyo aliyesemwa hivyo alikuwa anaambiwa ameutupa.

Nami sikumtetea. Nilimgombeza. Nilimwambia ananitia aibu, kwamba wakwe zangu wananiuliza kama nimemfungia ndani. Nilikuwa nikilalamika pia juu ya maji, maana alikuwa akitawadha mara mbili, mara tatu kwa sala moja, na mimi ndiye niliyekuwa nikibeba ndoo kutoka bombani. Nilimwambia ana wasiwasi wa kishetani. Jambo lingine nililochelewa kuliona: alikuwa ameacha kuniita mtani. Nilikuwa nimekuwa baba watoto.

Nilijua ukweli juzijuzi tu, nikiwa nimeshastaafu na sina meno ya mbele. Kitasa cha mlango wa chumbani kilikuwa kimelegea. Nikaufunga mlango kutoka ndani ili nikifungue kitasa, nikakuta nyuma yake kamba ndogo imefungwa kwenye misumari miwili, na juu ya kamba vipande vya khanga kuukuu vimeanikwa, vimekunjwa mara nne na kushonwa pembeni kwa mkono. Vilikuwa safi sana. Nilivihesabu bila kutaka, vilikuwa tisa. Nilisimama na bisibisi mkononi. Nyumba hiyo niliijenga mimi na nilikuwa nikilala chumba hicho kila siku, lakini sikuwahi kutazama nyuma ya mlango.

Aliponikuta hapo hakuficha. Alikaa kitandani. Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu nimzae huyu wa mwisho," alisema. "Nikikohoa, yanatoka. Nikipiga chafya, nikinyanyua ndoo, yanatoka. Nikicheka ndiyo basi kabisa."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Wewe?" alisema. "Mimi nikuambie wewe?"

Nikakumbuka mkeka. Nikakumbuka kwamba kwenye misiba yetu watani hawana huruma, wanatafuta mtu aliyenuna ili wamchekeshe, na kwamba mtu mwenye tatizo hilo kwenda msibani ni sawa na kwenda kuvuliwa nguo. Hakuwa ameutupa ukoo. Alikuwa anakimbia kicheko, na kicheko chenyewe kilikuwa changu.

Niliomba msamaha siku hiyo, lakini vibaya, kwa maneno mengi. Alinisikiliza, kisha akaniambia nimalize kitasa.

Kuhusu hospitali alikataa. Alikuwa amesikia kwamba ugonjwa wa mkojo kutoka wenyewe, dawa yake ni kupasuliwa, na kwa umri wake hataki kisu. Nami nilifikiri hivyohivyo. Ila mimi huenda kliniki ya presha kila mwezi, na mwezi uliofuata muuguzi mmoja kijana alisimama mbele ya benchi kutoa somo, kama wanavyofanya tukisubiri kuitwa. Somo lilihusu wanawake wanaovujwa na mkojo wakicheka au wakikohoa. Wazee wenzangu walianza kugunana na kubinyana mbavu. Mmoja akasema hilo si la presha. Zamani ningekuwa wa kwanza kutia neno. Nilikaa kimya nikasikiliza mpaka mwisho, halafu nikamfuata kwenye korido.

Nilimwambia nina jirani.

"Shikamoo babu," alisema. "Huyo jirani ana umri gani?"

Nikamtajia. Akauliza amezaa mara ngapi, nikasema mara nne. Akauliza kama mkojo unatiririka muda wote, usiku na mchana, au unatoka akikohoa na kunyanyua vitu tu. Nikajibu yote. Akauliza jirani anakoholea nini, nikasema moshi, anapikia kuni, na jiko lake halina dirisha.

"Unamjua vizuri jirani yako," alisema. "Mlete Alhamisi. Na umwambie hakuna kisu."

Alhamisi mke wangu alikubali kwenda kwa sharti kwamba mimi nikae nje. Nilikaa nje. Alipotoka aliniita ndani mwenyewe, maana muuguzi na mwenzake, mama mmoja wa makamo ambaye ni mtaalamu wa mazoezi ya tiba, walitaka nisikie. Walikuwa wamempima mkojo kuhakikisha hakuna maambukizi, na wamemchunguza. Yule mama alieleza kwa utulivu, kama fundi anayeeleza paa. Hii si fistula. Fistula ni tundu, na mkojo unapita bila kusubiri kikohozi. Huku chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama chaga za kitanda, inashikilia kibofu. Uzazi na kubeba mizigo mizito vimeilegeza. Misuli iliyolegea inaweza kufanyishwa kazi mpaka ipate nguvu, hata kwa bibi wa miaka sitini na kitu. Kwa wengi hilo linatosha. Kama halikutosha, kuna kipete cha mpira laini kinachowekwa ndani kushikilia, na hicho nacho si kisu. Upasuaji upo kwa wanaouhitaji, lakini hatuanzii huko.

Mazoezi yenyewe yalinishangaza kwa udogo wake. Akaze kana kwamba anazuia hewa isitoke na mkojo usitoke, kwa wakati mmoja, kama anayevuta kitu kwenda juu. Ashikilie huku akiendelea kupumua, ahesabu, aachie taratibu, apumzike, arudie mara kumi. Mara tatu kwa siku. Asijizoeze kukatisha mkojo akiwa chooni, hilo linaweza kuleta madhara. Asiache kunywa maji kwa hofu, ila chai ya rangi ipungue. Ale matunda na mboga asipate choo kigumu. Na matokeo asiyatafute wiki ijayo. Aupe mwili miezi mitatu.

Kisha akanigeukia mimi. "Na baba, hicho kikohozi. Kila akikohoa anabomoa tunachojenga."

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa jiko. Kwa miaka mingi mke wangu alikuwa ameniomba nitoboe ukuta wa jiko, nami nilikuwa nikisema kesho. Nilitoboa madirisha mawili, nikapandisha bomba la bati kupita paani, nikainua mafiga juu ya kichanja cha matofali ili asiiname. Ilinichukua siku nne kwa mikono hii. Kikohozi hakikuisha mara moja, lakini wiki ya tatu nilisikia nyumba imekuwa na ukimya nisiouzoea. Ndoo zote nilibeba mimi, mpaka ndani, bila neno juu ya udhu. Hilo la udhu nalo mke wangu aliliuliza pale kliniki, na baadaye kwa ustadhi wa kike wa mtaani, akaambiwa mwenye udhuru kama huo ana nafuu yake katika sala. Nilikuwa nimemwita mwenye wasiwasi wa kishetani kwa jambo ambalo swali moja lingelimaliza.

Mazoezi aliyafanya baada ya sala, akiwa bado juu ya mswala, akihesabu kwa pingili za vidole kama anavyohesabu tasbihi. Usingeweza kujua kinachoendelea. Uso wake ulitulia tu na macho yakatazama mbele. Nilijifunza kutopita mbele yake wakati huo wala kumuuliza chumvi iko wapi.

Wiki ya sita niliharibu. Alikuwa ameniambia kwamba siku nzima hakubadilisha kitambaa. Nikafurahi, na furaha yangu ina njia moja tu ya kutokea. Wakati anachambua mchele niliingia jikoni nikiigiza yule mzee wa kliniki aliyesema hilo si la presha, tumbo mbele, suruali kifuani. Alicheka ghafla, sinia likamwagika. Nikamwona anavyokaza uso na anavyochelewa. Alisimama, akapita kando yangu, akaingia chumbani. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu aliniuliza kama nilikuwa nikimpima kama anavyopimwa mbuzi mnadani. Nilisema ndiyo, nilikuwa nikimpima. Sikuongeza neno. Nadhani msamaha wa siku hiyo ulikuwa bora kuliko ule wa kwanza.

Tuliporudi kliniki alimweleza yule mama wa mazoezi kila kitu, nami nikiwepo. Yule mama hakunigombeza. Alisema kuna jambo alikuwa bado hajamfundisha: akijua kikohozi kinakuja, au chafya, au anataka kunyanyua kitu, akaze kwanza, ndipo akohoe, ndipo anyanyue. Kukaza kunatangulia. Mke wangu akasema kikohozi anakisikia kinavyopanda, lakini kicheko hakibishi hodi. Yule mama akakubali kwamba kicheko ni kigumu.

Haukupita mwezi mjomba wake akafariki. Alikuwa mzee sana, kaka wa mama yake, mkubwa wa ukoo. Kwetu mjomba ni zaidi ya baba. Yeye ndiye aliyepokea posa yangu, yeye ndiye aliyetugawia shamba la migomba pale juu. Na mke wangu sasa ndiye binti mkubwa aliyebaki katika tumbo la mama yake. Mahali pake msibani ni mkeka wa mbele, karibu na maiti. Asipokuwepo, hakuna maneno ya miguu wala mgeni yatakayomwokoa. Na watani watamtafuta yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nilimwambia mimi sitatania. Nitakwenda nikae nje na wazee, nitasema mgongo unaniuma.

Alikuwa anafunga khanga kwenye kifurushi. Alisema, "Mjomba azikwe bila mtani? Usinifanye niwe sababu ya hilo pia."

"Wataanza vijana," nilisema. "Hawatakuonea huruma."

"Vijana siwajui kicheko chao. Chako nakijua." Akaketi. "Wewe kabla hujasema neno la kuchekesha unashika kofia. Miaka yote. Unashika hivi, unaisogeza mbele, halafu unasema upuuzi wako. Sasa ishike vizuri, nikuone. Usiwahi kusema kabla hujashika."

Nilikuwa sijui kwamba nashika kofia. Niliishi na mwili huu zaidi ya miaka sabini bila kujua.

Tulipanda gari mpaka barabara ilipokwisha kwa utelezi, kisha tukapanda kwa miguu. Kifurushi nilibeba mimi. Kwenye mwinuko mkali niliona anasimama, anatulia kidogo, anapiga hatua. Nikaelewa anakaza kwanza. Ndani ya khanga alivaa kitambaa kimoja cha akiba. Aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama anayesema amebeba mwavuli.

Aliingia msibani. Wanawake walisogea, akapita, akakaa mkeka wa mbele. Mdogo wake alimshika goti na hakuliachia.

Vijana wa ukoo wangu walikuwa wameshaanza uwanjani, wakigombea fimbo ya marehemu. Niliwaambia wa ndani ni wangu. Nikavaa koti la mjomba, nikachukua fimbo, nikaingia kwa mwendo wake, ule wa kusimama kila hatua tatu na kutazama kama kuna mtu ameiba ndizi. Nikafika mbele ya mke wangu. Chumba kizima kilikuwa kinatutazama, na wengi wao walikuwepo siku ya mama mkubwa.

Nikashika kofia. Nikaishika kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi, nikaisogeza mbele taratibu. Nikaona macho yake yakituama, kama juu ya mswala. Ndipo nikasema, kwa sauti ya mjomba, "Mwanangu, nilikuoza kwa mtu mwenye meno. Huyu uliyemleta leo ni nani?"

Kicheko kikaanza kwa mdogo wake, kikamfikia. Alicheka. Alicheka kichwa kikiwa juu, nami nilisimama na fimbo nikisubiri kama mtu anayesubiri kujua kama daraja litashika. Hakuinama. Hakutazama mkeka. Nikashika kofia tena, nikaeleza jinsi mkwe huyu alivyokaa miaka ishirini na moshi jikoni kwa uvivu wa kutoboa ukuta. Nikashika tena, nikasema mengine, yote juu yangu, na yalikuwa mengi na ya kweli. Kila mara alinisubiri, akacheka.

Mwishoni alinyoosha mkono akanipokonya fimbo. "Mtani," alisema, na chumba kikatulia kumsikiliza, "mjomba wangu alikuwa anatembea. Wewe unaburuza miguu kama kuku aliyefungwa. Toka nje ukachimbe."

Nikatoka nje kuchimba. Sikuweza kuchimba sana, nilishika jembe tu na kufuta macho, na vijana wakasema mzee ameuzidisha uigizaji.

Ilipofika saa ya kuinuka kwenda kumsindikiza marehemu, nilikuwa mlangoni. Alikaza, akainuka bila kushikwa mkono. Mkeka ulikuwa mkavu. Baadaye, njiani, aliniambia kwamba matone machache yalitoka, wakati kijana mmoja alipojitupa miguuni pa jeneza bila onyo lolote, na kitambaa kiliyapokea. Alisema hivyo na kuendelea kutembea.

Anaendelea na mazoezi mpaka leo. Yule mama wa kliniki alisema akiacha, misuli nayo itaacha. Kwenye ile kamba nyuma ya mlango siku hizi kuna vipande viwili, na siku nyingine hakuna. Misiba ya mtaani anakwenda, na wanawake waliosema anaringa sasa wanamwita kupima chumvi ya mchuzi. Wawili kati yao amewapeleka kliniki ya Alhamisi.

Shida imebaki kwangu. Kichwa kikiniwasha, siwezi tena kushika kofia hivihivi. Nikiigusa tu, mke wangu anaacha alichokuwa akifanya, anatulia, ananitazama na kusubiri. Nami inanibidi nitafute neno la kusema.